Siku mbili Iringa na mama yangu: Tosamaganga, Kalenga, Isimila, nianzie wapi?

MwanaKigamboni

Habari za muda huu wakuu. Mwezi ujao naenda Iringa, mdogo wangu anahitimu chuo. Mahafali ni Jumamosi, sisi tunatoka Dar Alhamisi na basi la asubuhi na kurudi ni Jumatatu. Kwahiyo nina Ijumaa nzima na Jumapili baada ya misa, Jumamosi ndo imeshaliwa na majoho na picha.

Sasa tuko watatu na kila mtu ana lake. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua ila ndo mwenye safari hasa, alizaliwa Tosamaganga, babu alikuwa seremala pale misheni, wakahama yeye akiwa na miaka tisa na hajawahi kurudi tena. Anachotaka ni kuliona kanisa alilobatiziwa basi, mengine anasema nyie tembeeni mimi nitakaa kwenye benchi. Mimi nataka mambo ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, shuleni tulikaririshwa tu Lugalo 1891 Lugalo 1891 na sijawahi kuona hata jiwe moja la huko. Halafu kuna mpwa wangu wa miaka 11, huyo kaona picha za Isimila, lile bonde la nguzo ndefu za asili, kwenye simu ya mtu na tangu siku hiyo nyumba haina amani.

Gari binafsi hatuna. Naomba mwenyeji anipangie, nianzie wapi, vipi vinaungana kwa njia moja, na makanisa mengine ya kuangalia pale mjini kama yapo. Na je ni kweli baridi ya huko ni kali au watu wanatutisha tu sisi wa pwani?

---

KijanaWaKihesa

Kamwene dada, karibu sana nyumbani. Baridi uliyosikia ni ya mwezi wa sita mpaka wa nane, hiyo ndo inakukuta umelala na soksi. Mwezi ujao ni mvua zaidi, ila mji uko juu mita zaidi ya 1,500 kwahiyo jioni sweta la mama lisikosekane.

Mpangilio wangu uko hivi. Ijumaa asubuhi chukueni bajaji au teksi ya kukodi, mkubaliane bei ya mzunguko mzima kabla hamjapanda, narudia KABLA, na mseme kabisa mnaenda Kalenga halafu Tosamaganga. Hizo mbili ziko upande mmoja wa mji, kila moja kama kilomita 15 hivi, hakuna haja ya kuzigawa siku mbili. Anzeni Kalenga mapema maana makumbusho ya Mkwawa pale ni madogo, saa moja inatosha, mkimaliza ndo mnaenda Tosamaganga mama akakae anavyotaka bila kuharakishwa na mtu. Usifanye kinyume, ukianza Tosamaganga mama akakutana na mtu anayemjua babu yako, Kalenga utaisikia kwenye redio.

Daladala zipo pia ila kwa magoti ya mama sikushauri, utasimama barabarani unasubiri gari lijae mpaka jua likukaange.

Isimila iko barabara ya Mbeya, kilomita kama 20 hivi, hiyo ni Jumapili. Mama abaki pale juu kwenye jengo la makumbusho, kushuka bondeni kwenye zile nguzo ni njia ya mchanga na mawe na mvua ikinyesha panateleza. Wewe na mpwa shukeni na mhifadhi.

Makanisa ya mjini: Kihesa kwetu ndo kuna kanisa kuu la jimbo katoliki, Moyo Mtakatifu. Mshindo katikati ya mji lipo la Wakatoliki pia, karibu kwa miguu kama mmelala mjini. Ukimaliza hapo pita Boma la Mjerumani, sasa hivi ni makumbusho ya mkoa, yalifunguliwa 2016. Kwangu mimi ndo sehemu nzuri ya kuanzia mtu asiyejua Iringa, wameeleza makabila, mavazi, vyombo, vita, kwa lugha inayoeleweka, na mama anaweza kukaa.

---

DerevaWaKitonga

Umesema basi la asubuhi, safi sana, maana wengi wanapanda la usiku halafu wanakuja humu kusema Iringa hakuna cha kuona. Njia peke yake ni nusu ya utalii. Mikumi mnapita katikati ya wanyama, mkifika Ruaha Mbuyuni mibuyu mpaka unachoka kuhesabu, pale mama atanunua vitunguu hata kama hakupanga, halafu mlima Kitonga basi linapanda taratibu mwambie mpwa akae dirishani.

Ukishapita Ilula anza kuwa macho. Hiyo Lugalo uliyokaririshwa iko huko, mnara wa kumbukumbu wa Wajerumani waliokufa uko karibu na barabara kuu, basi halisimami linapita tu vuuup. Mimi nimepita pale miaka na miaka nikidhani ni kaburi la ajali.

---

Mwl_Mstaafu

Mwanangu MwanaKigamboni, umenifurahisha kwa hiyo "Lugalo 1891", na mimi ni mmoja wa waliokaririsha watoto wa watu. Ngoja nikuongezee nyama kabla hujafika ili usimame mbele ya lile fuvu la Mkwawa pale Kalenga ukijua unaangalia nini.

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilikuwa kinapita Lugalo kwa mstari mrefu mwembamba, kiongozi wao Emil von Zelewski, wenyeji walimpa jina la Nyundo kwa ukali wake. Wahehe walikuwa wamejificha kwenye majani na mawe, wengi wana mikuki tu, na aliyeongoza vita siku ile ni Mpangile, nduguye Mkwawa. Shambulio lilikuwa la ghafla kiasi kwamba askari wengi hawakupata hata nafasi ya kujaza bunduki. Zelewski alikufa palepale.

Wajerumani walikaa miaka mitatu wakijipanga, wakarudi na mizinga. Kalenga unayokwenda kuiona ilikuwa makao makuu, imezungushiwa ukuta wa mawe, na hilo jina la Iringa lenyewe linatokana na lilinga, yaani ngome kwa Kihehe. Ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Kwahiyo usitegemee kukuta ngome imesimama kama Fort Jesus ya Mombasa, utakuta kijiji, mashamba, na makumbusho ya chumba kidogo. Watu wengi wanavunjika moyo hapo kwa sababu hawakuambiwa. Mji huu wa leo juu kilimani ni Wajerumani waliouanzisha baadaye, 1896, kama kambi.

Mkwawa mwenyewe hakushikwa. Alipigana vita vya msituni miaka minne, kichwa chake kikawekewa zawadi ya rupia 5,000, na tarehe 19 Julai 1898 alipoona amezingirwa akajipiga risasi. Walikikata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Sasa sikiliza hii, baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza wakaingiza suala la fuvu kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, gavana Twining ndiye alilileta.

Kaburi la mwili liko Mlambalasi, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, ni mbali zaidi ya Kalenga. Kwa siku zako mbili usihangaike nako.

---

Chausiku88

Mwalimu umeeleza vizuri ila mbona hujamwambia na ile nyingine, kwamba watu wanabishana kama hilo fuvu ni lenyewe? Nimesoma kwamba Twining alikwenda makumbusho ya Bremen kule Ujerumani akakuta mafuvu kama elfu mbili kwenye makabati, wakaanza kuchagua kwa kupima vipimo na kulinganisha na vichwa vya ndugu zake Mkwawa walio hai. Sasa hapo si bahati nasibu jamani.

---

Mwl_Mstaafu

Nimesoma pia. Walilochagua lilikuwa na tundu la risasi na vipimo vilikaribiana na vya ukoo. Wapo wanaotilia shaka mpaka leo, sikatai. Ila binti yangu, nenda Kalenga ukasimame pale halafu umwambie mzee wa Kihehe kwamba ni bahati nasibu, mimi nitakuwa nje nakusubiri na bajaji imewashwa.

---

Chausiku88

😂😂 Mzee basi yaishe.

Dada mwenye mada, mimi niseme ya makanisa maana huko ndo nilikopata aibu. Nilienda na suruali ya kubana na kamera shingoni, saa tatu asubuhi siku ya wiki, nikajua kanisa liko tupu. Kumbe kuna ibada ya mazishi inaanza. Nimeingia na kiatu changu kinalia ko ko ko mpaka katikati, watu wote wamegeuka. Kwahiyo beba kanga kwenye begi hata kama umevaa gauni, ukifika uliza kwanza kwa mtu wa nje, mfagiaji, mlinzi, sista, yeyote, kuna ratiba gani leo. Na picha uombe, wengi hawakatai ila wanataka kuombwa.

Kingine kuna watu wanajifanya waongoza wageni. Sitaji ni eneo gani, ila kijana mmoja alitudaka getini akatuzungusha nusu saa anatueleza hadithi za kutunga, ukimuuliza mwaka anasema "zamani sana", mwisho anadai hela kuliko kiingilio chenyewe. Tulipoingia ndani ndo tukamkuta mhifadhi mwenyewe kakaa anatusubiri. Ingia ofisini kwanza, lipia, chukua risiti, mwongozaji utapewa hapohapo.

---

MlutheriHalisi

Yaani uzi mzima wa makanisa ya Iringa na hakuna aliyetaja KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Haya. Kanisa kuu letu liko mjini, karibu ibada ya Jumapili, kwaya zetu hamziwezi.

Na kwa faida ya wengine watakaosoma, Iringa makanisa ya kale mazuri yako vijijini, siyo mjini, kwa sababu wamisionari walikaa na watu huko. Sisi Walutheri tuliletewa na Misheni ya Berlin na mpaka leo kuna kijiji wilayani Kilolo kinaitwa Pommern, jina la jimbo la Ujerumani, na nyumba ya misheni bado ipo. Bibi yangu anatamka "Pomerini" na hakuna wa kumrekebisha. Ni mbali kwa safari yako na mvua hizo barabara usijaribu, ila siku ukirudi na gari la juu nitafute.

Upande wa Tosamaganga nao walianza Wabenediktini wa Kijerumani, baada ya vita ndo wakaja Waitaliano, Wakonsolata. Kwahiyo mama yako atakuwa alilelewa na Waitaliano hao. Muulize kama anajua neno lolote la Kitaliano, wazee wa kule huwa hawakosi moja mawili.

---

MwanaKigamboni

Jamani asanteni sana, sikutegemea. Nimemuuliza mama hilo la Kitaliano, kafikiri kidogo akasema "piano piano", eti padri alikuwa anawapigia kelele hivyo wakikimbia kanisani. Nilijua anazungumzia kinanda mpaka nikaangalia maana yake, kumbe ni polepole.

Swali la mwisho, mama anauliza kama daftari la ubatizo la miaka hiyo linaweza kuwepo. Yeye ni 1957. Cheti chake kilipotea zamani.

---

SistaMdogo

Bwana Yesu asifiwe. Mimi si wa parokia hiyo lakini nimefanya kazi ofisi ya parokia kwingine, nikusaidie. Parokia za zamani zinatunza sana madaftari ya ubatizo, kwa sababu kila sakramenti ya mtu inarudi kuandikwa pale alipobatizwa, kipaimara, ndoa, yote. Kwahiyo uwezekano upo mkubwa. Fanyeni haya: nendeni siku ya kazi na siyo Jumapili, Ijumaa asubuhi ni sawa. Mpigieni kwanza katibu wa parokia au katekista. Andika kwenye karatasi jina la ubatizo, jina la baba na la mama, mwaka, na jina la msimamizi kama mama analikumbuka, maana mafaili yamepangwa kwa mwaka na namba, siyo kwa ukoo. Na uwe na subira na mwandiko. Mapadri wa kigeni waliandika jina walivyolisikia.

Ukifika usianze na picha za kanisa halafu ndo uende ofisini, anza ofisini.

---

KijanaWaKihesa

Basi kwa hilo nabadilisha ushauri wangu, anza Tosamaganga saa mbili, Kalenga mchana. Kalenga haiendi popote. Na jioni kama hamjachoka pandeni Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji, maana yake jiwe linaloongea, wazee wanasema Mkwawa alikuwa akienda kulisikiliza. Mnaona mji wote na jua linazama. Ila muende kundi na mshuke kabla giza halijaingia, na mama mwacheni hotelini na chai ya tangawizi.

---

MwanaKigamboni

Wakuu nimerudi, nilisema nitaleta mrejesho nisionekane mtu wa kuchukua tu.

Njiani dereva alikuwa sahihi kwa kila kitu, mama kanunua vitunguu nusu gunia na tukazunguka navyo Iringa siku zote tatu. Lugalo nimeiona kwa sekunde nne, mpwa ndo aliyepiga kelele "ule pale".

Jumapili niianze kwanza nimalize. Isimila msiende saa sita mchana kama sisi, jua linapiga kwenye ule mchanga mweupe mpaka macho yanauma, ila zile nguzo aisee picha hazitendi haki, unasimama chini unatazama juu unajiona sisimizi. Mhifadhi akatuonesha shoka za mawe zimelala tu chini, watu wa kale walizichonga wakaziacha pale, mamia ya maelfu ya miaka. Mpwa kaokota moja akaipima mkononi, ikakaa sawasawa kama imetengenezwa kwa kiganja chake, akaambiwa airudishe pale pale ilipokuwa, siyo karibu, pale pale. Karudisha. Njia nzima alikuwa kakunja mkono kama bado kaishika.

Kalenga ilikuwa kama mwalimu alivyosema, ndogo. Nashukuru kwamba niliambiwa, maana kuna jamaa wengine walikuja na gari wakatoka baada ya dakika kumi wanalalamika. Sisi mhifadhi alitukalisha. Fuvu liko kwenye kabati la kioo, kimya, na mimi niliyejiandaa kuuliza la Bremen nikajikuta sijauliza. Nje tukaoneshwa na kaburi la Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuwa spika wa bunge, mama akasema huyo namkumbuka sauti yake redioni.

Sasa Tosamaganga. Tumefika saa mbili na nusu, mama kashuka kwenye bajaji kasimama hasogei. Nikadhani ni magoti. Akasema mbona ni dogo, alikuwa anakumbuka kanisa limefika mawinguni. Tukaanza ofisini kama sista alivyoelekeza, katekista mzee mpole sana katoa daftari la 1957, kubwa kama mlango, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Katafuta kwa kidole taratibu mpaka mwezi wa tano, hamna, wa sita, hamna, mama ameanza kukunja leso. Kisha yeye mwenyewe mama akaona jina la babu, seremala, kwa mwandiko wa kulala, na lake chini yake.

Shida ni moja. Jina letu la ukoo lina H mbili na padri hakuandika hata moja. Katekista akacheka sana, akasema Waitaliano herufi hiyo hawaitamki kwahiyo hawakuisikia, nusu ya Wahehe humu ndani wameandikwa hivyo, fikiria kabila lenyewe ni Wahehe. Mama hajacheka. Kamwomba aongeze hizo H pembeni hata kwa penseli, mzee akakataa kwa adabu, kwamba daftari halifutwi wala haliongezwi bila ruhusa, aandike barua. Cheti kipya tumepewa, jina liko vilevile kama padri alivyolisikia.

Tumeingia kanisani, mama kakaa benchi la tatu kushoto, kasema wasichana walikuwa wanakaa huku. Tumekaa karibu saa nzima. Dereva wa bajaji naye kaingia kakaa.

Barua kaanza kuiandika kwenye basi, kabla hata hatujafika Ilula. Sista kama unasoma, inaelekezwa kwa paroko au kwa askofu?